«Ali, boma ye!»: kelele za mashabiki na uhai wa jirani

 Ninyi mliokimbia Kalehe, Walungu au Fizi, mkapokelewa na jamaa hapa Nguba, poleni sana. Kulala kwa watu si kazi ndogo.

Leo nitaongea habari ya ngumi. Usifunge redio, mama. Si habari ya vijana peke yao.

Wazee wetu wanaikumbuka alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974. Kinshasa ilikuwa karibu saa kumi ya usiku, na hapa Bukavu saa kumi na moja, maana saa yetu inatangulia yao. Pigano liliwekwa wakati huo mgumu ili watu wa Marekani walitazame jioni kwao. Katika uwanja wa Mei 20, ambao siku hizi unaitwa Tata Raphaël, walijaa watu wapata 60,000. Rais Mobutu alitaka dunia yote ijue jina la Zaire, na kila mpiganaji aliahidiwa dola milioni 5. (Sisi wa Kivu bado tunatafuta barabara iliyotengenezwa kwa faida ya usiku ule. Tuyaache hayo.)

Bingwa wa dunia wa uzito wa juu alikuwa George Foreman, kijana wa miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 bila kushindwa hata mara moja, na mara 37 mwenzake hakufika mwisho wa pigano. Joe Frazier, mtu wa kuogopwa, alimwangusha mara sita katika raundi mbili tu. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. Mwaka 1967 alinyang'anywa ubingwa kwa sababu alikataa kwenda kupigana vita ya Vietnam. Wajuzi wengi walisema usiku ule Ali atapigwa, na wengine waliogopa atavunjwa kabisa.

Mnajua yaliyotokea. Ali aliegemea kamba, akaficha uso nyuma ya mikono, akamwacha Foreman apige, apige, apige, katika joto lile la Kinshasa. Raundi ya tano ikapita, ya sita, ya saba, mikono ya bingwa ikawa mizito kama mizigo ya bandari. Katika raundi ya nane Ali akatoka kwenye kamba, akampiga ngumi za kufuatana, Foreman akazunguka, akaanguka. Mwamuzi Zack Clayton akahesabu mpaka kumi, na bingwa hakuwahi kusimama. Uwanja ukapasuka kwa furaha. Kisha mvua kubwa ikanyesha.

Lakini mimi leo sitaki kuongea juu ya mikono ya Ali. Nataka kuongea juu ya vinywa vya mashabiki.

Walikuwa wanaimba nini? «Ali, boma ye!» Anayejua Lingala hahitaji mkalimani. Ni kusema: Ali, muue! Na huyo wa kuuawa alikuwa amewakosea nini watu wa Kinshasa? Hakuwaibia hata kuku. Watu waliokuwa na Ali wanasimulia kwamba aliuliza wenyeji wanamchukia nani. Akajibiwa: Wabelgiji. Basi Ali akawaambia, Foreman ni Mbelgiji! Foreman mwenyewe alikuwa ametua na mbwa wake mkubwa wa namna ile ya Wajerumani, na watu waliokumbuka mbwa wa polisi wa ukoloni hawakupenda. Uhuru ulikuwa na miaka 14 tu, na kidonda hakijapona. Mtu mweusi kabisa, mzaliwa wa Texas, kilichobaki kikawa kumwimbia kifo.

Ali alifanya mzaha, na alikuwa hodari wa mzaha. Lakini, ndugu, tazameni jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi. Haikuhitaji ushahidi. Ilitosha neno moja, na mbwa mmoja.

Sisi watu wa Bukavu neno la namna hiyo tunalijua. Mwaka 2004, mwezi wa tano, hapa mjini watu waliuawa kwa sababu ya jina la kabila lao. Siku chache baadaye wengine wakauawa na wanawake wakabakwa na askari waliosema wamekuja kuwatetea wa kwanza. Sitataja kabila, kwa maana kila moja lina makaburi yake. Nauliza tu: aliyepiga kelele ya kwanza njiani, «huyu hapa, ni mmoja wao», yeye hakushika bunduki. Je, mikono yake ni safi?

Mimi nimesoma sheria, na hapa sheria haina kigugumizi. Kanuni yetu ya makosa ya jinai, kifungu cha 21, inahesabu kuwa mtenda kosa hata yule ambaye, kwa maneno aliyoyasema mbele ya watu mahali pa wazi, aliwachochea moja kwa moja kulitenda. Sikieni vizuri: haisemi mtazamaji, haisemi shabiki. Inasema mtenda. Mwenye jiwe, mwenye petroli, na mwenye kupiga kelele «mchomeni!», wote watatu wanaweza kuketi kwenye benchi moja mbele ya hakimu.

Nimesema petroli kwa sababu ninyi mnajua ninachokisema. Simu imepotea sokoni. Mtu mmoja analia, «mwizi!» Watu hamsini wanakimbia, na arobaini kati yao hawakuiona hiyo simu. Nani anashikwa? Mara nyingi ni yule ambaye hakuna anayemjua. Kijana aliyefika juzi kutoka Kalehe, anayesema Kiswahili cha kwao, ambaye hana wa kusimama aseme, «huyu ni mtoto wa dada yangu.» Ndugu mkimbizi, ninajua unaposikia hayo unamfikiria mtoto wako aliyetoka asubuhi kutafuta kibarua.

Kule uwanjani, hata katika wazimu ule, palikuwa na kamba. Palikuwa na mwamuzi. Foreman alipoanguka, Ali alikuwa amekunja ngumi nyingine, hakuipiga. Akamwacha aanguke. Kisha mwamuzi akahesabu, moja, mbili, tatu, yaani aliyelala chini alipewa nafasi yake. Watu 60,000 walikuwa wameomba kifo, na Foreman aliondoka na miguu yake.

Avenue yako ina kamba gani? Ina mwamuzi gani?

Najua jibu nitakalopewa, kwa maana nalisikia kila mahali ninapopita: «Tangu M23 ilipoingia mjini Februari 2025, tumpeleke mwizi wapi? Tukimtoa leo, kesho anatucheka mlangoni.» Siwezi kusema uchungu huo ni wa uongo. Mtu aliyeibiwa sufuria ya mwisho ana haki ya kukasirika. Na sheria haimkatazi raia kumshika mtu aliyemkuta katika kosa zito, kama mwenye mamlaka hayupo. Inamruhusu amshike, ampeleke mara moja kwa mamlaka ya sheria iliyo karibu. Ni hapo ruhusa inapokwisha. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 16, inasema mtu ni mtakatifu. Kifungu cha 17 kinasema mshitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Serikali ikiwa mbali, vifungu hivi havikimbii pamoja nayo. Ndipo hasa tunavihitaji.

Kwa hiyo, mzee kiongozi wa avenue, nakuomba mambo mawili tu. La kwanza, wajue wageni wako kabla ya siku mbaya. Pita nyumba zilizopokea wakimbizi, uandike majina ya wote, watoto pia, kisha uwaonyeshe kwa vijana wa avenue, hasa wale wanaokaa kwenye kona jioni. Kijana hatamtupia jiwe kwa wepesi mtu aliyemsalimu jana. La pili, chagueni mapema watu watatu au wanne, na mama mmoja awe kati yao, ambao kelele zikitokea watafika na kumzunguka aliyeshikwa. Wasibishane na watu kama ameiba au hakuiba. Waulize tu, kwa sauti: «Nani aliona? Atoe jina lake.» Nimeshuhudia swali hilo likipunguza watu. Wenye kupiga kelele ni wengi, wenye kutoa jina ni wachache.

Nawe kijana mpenzi wa ngumi, nikumalizie hadithi, maana nimeikata katikati. Foreman alikaa miaka na hasira. Alisema kamba zililegezwa, akasema maji yake yalitiwa dawa. Baadaye akakubali kwamba alishindwa, akawa mhubiri, kisha akarudi ulingoni, na mwezi wa Novemba 1994, akiwa na miaka 45, akautwaa tena ubingwa wa dunia. Yeye na Ali wakawa marafiki. Mwaka 1997, filamu iliyotengenezwa juu ya pigano la Kinshasa ilipopata tuzo ya Oscar, Ali alikuwa amedhoofishwa na ugonjwa wa kutetemeka. Aliyemshika mkono kumsaidia kupanda ngazi alikuwa Foreman, yule Mbelgiji wetu. Ali alifariki Juni 2016. Foreman akamfuata Machi 2025.

 Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutaongea juu ya wenye nyumba na wakimbizi waliowapokea: nani alipe maji. Kaeni salama.