Hotuba ya Katibu juu ya Mafuta ya Mbono



Katika sikukuu hii ya miaka 10 ya Umoja wetu tumeagizwa tueleze habari ya mbono, kwa kuwa magunia yaliyomo ghalani yanawauma wengi wenu. Mlipanda, mkachuma, na mnunuzi aliyeahidi kuja hakuja. Sisi wa ofisi tulipokea neno lake bila kudai mkataba wa maandishi. Kosa hilo ni letu.

Swali tuliloulizwa hapa Shighatini ni hili: je, mbegu zilizokaa muda mrefu zaweza bado kutoa dizeli? Mafuta ya mbono yana sumu, hayaliwi. Lakini yakichanganywa na methanoli hugeuka dizeli ya mimea. Kwa desturi mchanganyiko huo hutiwa kichocheo, nacho ni soda kali. Hapo ndipo penye taabu. Mbegu kuukuu, hasa zilizoingiwa na unyevu wa ukungu wetu wa milimani, hutoa mafuta yenye asidi nyingi, na asidi ikikutana na soda hufanya sabuni.

Mwaka 2001 wataalamu Saka na Kusdiana wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walitangaza njia isiyotaka kichocheo. Mafuta ya mbegu na methanoli walivipasha moto hadi nyuzi 350 za Selsiasi, katika mgandamizo uupitao ule wa hewa zaidi ya mara 400, na kwa dakika 4 kazi ikaisha. Kwa njia hiyo asidi nayo hugeuka dizeli, wala maji kidogo hayadhuru.

Lakini tusidanganyane. Chombo cha kustahimili nguvu hiyo hata Washana, waliofua chuma cha Ugweno zamani, wasingethubutu kukifua. Na methanoli ni sumu, tena hushika moto upesi. Kule Kisarawe shamba kubwa la mbono, lenye mtaji wa kigeni, lilikwama mwaka 2011.

Basi halmashauri imeamua mbegu zikamuliwe, kilo 5 hivi kwa lita 1, na mafuta yapikwe sabuni, maana huko asidi si kizuizi. Mashudu yawe mbolea ya migomba. Mbuzi wasipewe kamwe. Mbono ubaki kuwa ua wa boma, usiingie katika kahawa wala mahindi. Kila mwenye gunia aje ofisini Jumatatu na stakabadhi yake, apimiwe mbele ya mashahidi wawili. Hesabu ya sabuni itakayouzwa itabandikwa mlangoni.