Lahaja ya Cabranes: Maisha ya Kitaaluma ya María Josefa Canellada



Mada ya jioni hii huenda imewashangaza baadhi yenu. Asturias ni jimbo la milima kaskazini mwa Hispania, na lugha yake haina ukoo wowote na Kiswahili. Nimemchagua mtaalamu wa huko kwa kuwa maisha yake yanatukabili na swali ambalo sisi wachunguzi wa lahaja tumelikwepa kwa muda mrefu.

María Josefa Canellada alizaliwa Infiesto, akasomea Madrid, na huko akajifunza fonetiki kwa Tomás Navarro Tomás. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939 vilimtoa masomoni vikampeleka hospitalini kuwauguza majeruhi. Riwaya yake juu ya siku hizo, Penal de Ocaña, iliyoandikwa kwa Kihispania, ilizuiwa na wadhibiti wa utawala wa Franco. Toleo kamili lilitoka mwaka 1985. Kazi zake nyingine nyingi zilihusu Kihispania vilevile: matamshi yake, na uhariri wa tamthilia za kale za Lucas Fernández.

Hata hivyo, kitabu chake cha 1944, El bable de Cabranes, kinachunguza usemi wa wilaya moja ndogo ya Asturias. Kwetu sisi tuliolelewa katika ngeli, usemi wa eneo hilo una jambo la kupendeza sana. Katika lahaja za katikati ya Asturias, fierru ni kipande kimoja cha chuma, kitu cha kuhesabika. Fierro ni chuma kwa jumla, kisichohesabika. Irabu ya mwisho ndiyo inayotenga. Kivumishi nacho hakiachwi nyuma. Lleche, yaani maziwa, ni nomino ya jinsia ya kike, lakini wasemaji husema lleche frío, si fría, kwa sababu maziwa hayahesabiki. Kihispania sanifu hakina upatanisho huo, na sikio lililozoea Kihispania husikia hapo kosa la sarufi. Si kosa, ni kanuni, tena kanuni pevu.

Wengi wetu tungeishia hapo: tasnifu imekamilika, kitabu kimewekwa maktabani. Lakini mwaka 1979, miaka 35 baadaye, umri wake ukiwa umepita miaka 60, Canellada alichapisha Montesín, hadithi ya watoto iliyoandikwa kwa Kiasturia chenyewe. Kanuni za tahajia za Academia de la Llingua Asturiana zilitolewa mwaka 1981. Mama huyu, basi, hakungoja tahajia rasmi. Wala hakungoja serikali: sheria ya kulinda matumizi ya lugha hiyo ilipitishwa mwaka 1998, miaka mitatu baada ya kifo chake, na hadhi ya lugha rasmi haijapatikana hadi leo.

Sasa nirudi nyumbani. Tumezoea kukifananisha Kiswahili na lugha zilizoonewa, kwa kukiweka mbele ya Kiingereza. Mfano huo una ukweli wake. Lakini mbele ya Kimakunduchi, Kitumbatu au Kimtang'ata, Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja cha mjini na kusimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930, kimekalia kiti cha Kihispania. Tunakwenda vijijini na vinasa sauti, tunawaomba wazee maneno yao, kisha tunayafafanua kwa usanifu ambao wao hawaongei. Nami nimefanya hivyo, na nimepandishwa cheo kwa kazi hiyo. Katika miaka yote hiyo sijaandika hata ukurasa mmoja wa hadithi ambao mjukuu wa mzee mmojawapo angeweza kumsomea babu yake kwa lahaja yao.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Ninaomba mjadala uanze na wasemaji wa Kimakunduchi waliomo ukumbini, nao waruhusiwe kuchangia kwa Kimakunduchi.