Kovu la Mdomo Lina Mwaka Wake



Juzi mama mmoja alinionyesha mwanawe wa miezi sita, machozi yakamtoka. Mtoto yule alizaliwa na mdomo wa sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka kuelekea puani. Alipofikisha miezi minne alifanyiwa upasuaji, na mama akarudi nyumbani akipigiwa vigelegele. Sasa kovu limevimba, limekuwa gumu, na limeuvuta mdomo juu. Jirani anasema daktari amekosea. Mama mkwe anataka lipakwe dawa ya majani. Mama mwenyewe, kwa aibu, ameacha kwenda kliniki.

Nasema leo kwa sababu mtoto huyo hakuharibiwa. Ana kovu la miezi miwili, na kovu la miezi miwili ndivyo lilivyo.

Mwili ukishonwa, huanza kujenga upya kwa haraka, kama fundi anayejaza udongo ukutani kabla ya kuupiga lipu. Wiki tatu baada ya upasuaji, pale paliposhonwa hapajafikia hata nusu ya nguvu ya ngozi ya kawaida. Katika mwezi wa pili na wa tatu kovu huwa gumu na kukolea rangi, kisha hulainika polepole. Kazi hiyo huchukua mwaka mzima, pengine zaidi. Anayelihukumu kovu kabla ya mwaka, anahukumu nyumba ingali na majukwaa ya fundi.

Je, mzazi afanye nini? Siku za kwanza, kazi ni usafi. Nawa mikono kwa sabuni. Baada ya mtoto kula, futa mshono taratibu kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, damu na maziwa yasigande juu yake. Paka dawa uliyopewa hospitali, basi. Majivu, dawa ya meno, majani yaliyotwangwa, vyote hivyo ni njia ya kuingiza vijidudu, na kidonda kilichooza huacha kovu pana. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 7. Usikose siku hiyo, na usizitoe mwenyewe.

Mdomo una msuli unaouzunguka, na mtoto akilia sana msuli huo huvuta mshono. Basi mbembeleze, asikae na njaa wala maumivu. Wengi huogopa kumnyonyesha. Uchunguzi umeonyesha kwamba mtoto aliyeshonwa mdomo anaweza kurudi kwenye ziwa mapema bila mshono kufumuka. Muulize daktari wako, usimnyime kwa hofu tu. Mzuie asijikune wala kuanguka kifudifudi.

Kidonda kikishafunga kabisa, mara nyingi baada ya wiki tatu au nne, na daktari akikubali, anza kulikanda kovu. Kwa kidole safi chenye mafuta ya mgando kidogo, bonyeza na kuzungusha dakika chache, mara kadhaa kwa siku, kwa miezi. Mvishe kofia, kwani jua kali hulitia kovu weusi. Iko pia jeli ya silikoni ambayo wengine huitumia. Asiyeweza kuinunua asijione amemnyima mwanawe, kidole cha mama hakiuzwi dukani.

Lakini ukiona usaha, homa, harufu mbaya, au mshono umeachia, usingoje kesho. Na kovu likizidi kukua na kutoka nje ya mpaka wake, mwone daktari, tiba ipo. Hata mdomo uliobaki kupinda kidogo unaweza kurekebishwa baadaye.

Enyi majirani na mama wakwe, mdomo wa sungura si laana wala kosa la mama. Msaidieni kubeba maji, mwacheni apate nafasi ya kumwuguza mwanawe.

Mama yule ameniahidi kurudi kliniki Jumatatu. Daktari ameshona kwa saa moja au mbili. Mwaka uliobaki ni wetu sisi wa nyumbani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.