Dhamana ya Walio Karibu na Mzee

 

Katika siku hii ya wazee nimekuja na jambo moja. Mzee anapokubali chanjo au kuikataa, mara nyingi uamuzi umekwisha kupita mtaani kabla muuguzi hajafungua kasha lake la barafu. Umepita kwenye baraza la kahawa, kwenye kikao cha kikoba, msibani, nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Ikiwa ndivyo, sisi tulio karibu na mzee tunabeba dhamana ambayo hatuwezi kuisukumia Wizara ya Afya.

Watazameni wazee waliokaa viti vya mbele. Wengi wao wana kovu juu ya mkono, alama ya chanjo ya ndui waliyopata utotoni. Ugonjwa ule ulikuwa ukiua na kupofusha, na aliyepona alibaki na makovu usoni maisha yake yote. Mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imetokomezwa. Vijana wetu hawana kovu lile kwa sababu watu wa kizazi cha wazee hawa walikubali kuchanjwa, kisha wakawapeleka watoto wao kliniki kuchanjwa surua, polio na kifaduro. Hao ndio niliosikia wakisemwa mwaka 2021, wakati wa chanjo ya korona, kwamba wanaogopa sindano, kwamba hawajasoma, kwamba wamepitwa na wakati. Maneno yale yaliniuma, na leo nataka kuyajibu mbele yao.

Kumbukeni mambo yalivyokwenda. Mwaka 2020 nchi yetu iliacha kutoa takwimu za wagonjwa wa korona. Januari 2021, Rais Magufuli alisema hadharani akiwa Chato kwamba chanjo zile hazifai. Julai 28 ya mwaka uleule, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu, Dar es Salaam, nchi nzima ikimtazama. Miezi sita tu ilikuwa imepita kati ya kauli ile na tendo hili, na yote mawili yalitoka katika kiti kimoja. Mimi naona Rais Samia alifanya jambo la haki na la ujasiri. Lakini mzee aliyesikia yote mawili alikuwa na haki ya kuuliza: nishike lipi?

Halafu tukamwambia yeye ndiye wa kwanza. Mpango wa chanjo ulitanguliza wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye maradhi sugu. Kitabibu ulikuwa mpango sahihi, kwa kuwa mwili wa mzee hupungukiwa nguvu ya kupambana na maradhi, na korona iliwaua wazee kuliko vijana kila nchi ilikopita. Ila fikirini ujumbe ule ulivyoingia katika masikio ya mtu aliyezoea kuwa wa mwisho. Anafuatilia mafao yake miaka na miaka. Anafika hospitali, anakuta bango la kumtaka kila mtu ampishe mzee, lakini dirisha lenyewe limefungwa. Leo anaambiwa, mzee, pita mbele, njoo wewe kabla ya wote. Wapo waliojiuliza kimoyomoyo: tangu lini sisi tukawa wa kwanza? Shaka hiyo haikuzaliwa na sindano. Ilizaliwa na miaka mingi ya kutowajali, na hakuna tangazo la redio linaloweza kuifuta kwa wiki mbili.

Katika ombwe lile tukaingia sisi watoto wao. Mara ngapi kijana wa mjini, asiyempigia mama yake simu kwa miezi miwili, alimrushia kwenye WhatsApp sauti ya mtu asiyejulikana ikisema waliochanjwa watakufa baada ya miaka miwili? Mama aliiamini kwa sababu aliyemtumia ni mwanawe, na hakuwa na sababu ya kumchunguza yule mwenye sauti. Hapa ndipo ukaribu unapoweza kudhuru. Neno la uongo likitoka kwa mgeni mzee hulipima. Likitoka kwa mtoto aliyemnyonyesha, hulipokea kama lilivyo. Kwa hiyo naliita kosa la kimaadili, na sitalipunguza kwa kusema ni mambo ya mitandao tu: kumpelekea mzazi habari ya uhai na kifo ambayo wewe mwenyewe hukuichunguza.

Wahudumu wa afya nao nawaomba jambo. Uvumi mwingine ulikuwa na chembe ya ukweli, na pale ambapo chembe ipo, tuitaje. Watu walisema chanjo inagandisha damu. Ni kweli kwamba chanjo ya Janssen, ndiyo iliyotufikia kwanza, ilisababisha damu kuganda kwa watu wachache mno katika kila dozi milioni, hata Marekani wakaisimamisha kwa siku chache Aprili 2021 ili kuchunguza. Wengi wa walioathirika walikuwa wanawake wenye umri chini ya miaka 50. Mzee wa miaka 70 mwenye kisukari alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya korona yenyewe kuliko ya chanjo ile. Angeelezwa hivyo, taratibu, kwa Kiswahili cha nyumbani, angepima mwenyewe. Badala yake wengi walijibiwa kwa mkato kwamba chanjo ni salama, basi. Mtu mzima akijibiwa kama mtoto huondoka na shaka yake, tena ikiwa imekua.

Na hatuanzi leo kujua njia iliyo bora. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Baadhi ya wazee waliopo hapa walikuwa vijana katika vikundi vile. Nguvu ya kampeni haikuwa redio peke yake. Baada ya matangazo kulikuwa na majadiliano, na katika majadiliano jirani alimsikia jirani. Hata chanjo ya korona ilisuasua mpaka mwendo ulipobadilishwa. Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo hawakufika mmoja kati ya kumi; wahudumu wakatoka vituoni, wakaenda sokoni, kwenye nyumba za ibada na nyumba kwa nyumba pamoja na viongozi wa mitaa, na kufikia 2023 zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa wamechanjwa.

Yupo mtu mmoja wa Afrika Mashariki ambaye napenda kumtaja kila ninapozungumzia haya. Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Oktoba 1977 aliugua ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa maambukizi ya kawaida. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, na bado, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Watu waliokutana naye walisakwa mmoja mmoja, wakachanjwa, na hakuna hata mmoja aliyeugua kwa sababu yake. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya polio, akawa anawaendea wazazi wenye wasiwasi na kuwasimulia yaliyompata. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria akiwa katika kazi hiyo. Alikuwa mtu wa palepale, anayejulikana, na hofu yao aliijua kwa kuwa ilikuwa imemkaa yeye kabla yao.

Sasa niseme linalonisumbua zaidi. Tunasifu sana mshikamano wetu: kufa na kuzikana, kuchangiana, kutembeleana. Lakini wapo wazee ambao mshikamano huo haukuwafikia. Bibi anayelea wajukuu watatu peke yake na hana nauli ya kufika zahanati. Mzee aliyehamia kwa mwanawe mjini, hajui mtu, anafungiwa getini tangu asubuhi hadi watu warudi kutoka kazini. Mwanamke mkongwe ambaye majirani wamemwita mchawi kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Nani atamshauri huyu kuhusu chanjo, wakati hakuna anayemsalimu? Muuguzi akipita nyumba kwa nyumba na balozi ambaye naye anaikwepa nyumba ile, mwanamke huyo hatachanjwa, na katika takwimu ataandikwa miongoni mwa waliokataa. Hakukataa. Hakuna aliyemuuliza.

Na sisemi wazee walazimishwe. Mwenye akili timamu akielezwa vizuri kisha akasema hapana, tumheshimu, tuendelee kumtembelea, tumchukulie dawa zake za presha kama jana. Siku akibadili mawazo atahitaji mtu wa kumwambia, naye hatamwambia aliyemdharau.

Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kila balozi aandike majina ya wazee wanaoishi peke yao au na wajukuu tu katika eneo lake, na kwa kila jina awepo jirani mmoja aliyekubali kumsindikiza zahanati, iwe ni kwa chanjo au kwa macho. Vikoba na jumuiya za ibada zimpe muuguzi nusu saa katika vikao vyao vya kawaida, wakati hakuna mlipuko wala hofu, ili siku ya shida asiwe mgeni. Vijana, kabla hamjamtumia mzazi habari ya dawa au chanjo, mpigieni muuguzi wa zahanati mmuulize.

Wauguzi wawili wa kata yetu wamekubali kubaki chini ya mwembe ule hadi saa kumi. Mwenye swali aende, hata lile aliloona haya kuliuliza mbele ya watu.