Dawa isingoje ugonjwa ufike Ulaya

Maneno tuliyosema mbele ya wakaaji wa Goma, mwezi wa kumi 2024

 

Tarehe 5 ya mwezi huu chanjo ya Mpox imeanza kutolewa hapa kwetu Goma. Tumefurahi, na tunashukuru waganga na wauguzi wanaoshinda na wagonjwa kila siku. Lakini mutuachie tuulize: juu ya nini tumengoja hivi?

Mpox si mugeni kwetu. Mtu wa kwanza duniani aliyejulikana kuwa na ugonjwa huu alikuwa mtoto wa Congo, kule Basankusu, mwaka 1970. Toka pale ni miaka 54. Mwaka 2022 ugonjwa ukafika Ulaya na Marekani. Mwaka uleule watu wa kule wakachanjwa. Sisi tunaozika watoto, dozi za kwanza za kuchanja raia zimetua Kinshasa tarehe 5 mwezi wa tisa 2024, nazo ni zawadi. Zawadi ni nzuri. Lakini hakuna mzazi anayepanga maisha ya watoto wake juu ya zawadi.

Kuna jambo lingine tunapenda mulikamate. Kule Tunda na Kole, watafiti walijaribu dawa moja, tecovirimat, kwa wagonjwa wa Mpox. Majibu yalitoka mwezi wa nane: dawa ile haikukausha vidonda haraka. Lakini katika wagonjwa wote wa utafiti ule, waliopewa dawa na wasiopewa, walikufa 1,7 kwa mia tu, wakati katika nchi nzima ni 3,6 kwa mia ao zaidi. Juu ya nini? Walilazwa, wakaangaliwa vizuri, wakapata chakula na maji, na magonjwa mengine yaliyowashika yakatibiwa.

Munasikia? Matunzo ya kawaida yanaokoa watu. Na njo hayo yanayotushinda kulipa.

Juma lililopita tuliongea na mama mmoja aliyekimbia vita. Mtoto wake wa kwanza alitibiwa Mpox bure. Wa pili akashikwa na malaria. Huyo mama akaandikiwa karatasi, akatumwa farmasi. Aliuza kikwembe na bido mbili za maji, feza haikutosha. Akarudi na nusu ya vidonge. Wazazi, nusu ya dawa haiponyeshi mtoto.

Katiba yetu, kipengele cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Haisemi inahakikishwa kwa mwenye feza, wala kwa mwenye ugonjwa unaoogopesha wazungu. Njo maana tunadai:

Moja, kila kituo cha afya kibandike mlangoni bei ya dawa na ya matibabu, na kionyeshe wazi vile vya bure.

Mbili, wabunge wanaojadili sasa bajeti ya 2025 wakumbuke ahadi ya Abuja ya mwaka 2001: 15 kwa mia ya bajeti iende kwa afya. Tunajua majina yao, tutawauliza.

Tatu, Afrika itengeneze chanjo zake. Wakati wa Covid, India na Afrika Kusini ziliomba, mwezi wa kumi 2020, hataza za dawa na chanjo ziwekwe pembeni ili kila nchi iweze kutengeneza. Jibu lilikuja mwezi wa sita 2022, na lilihusu chanjo tu. Watu walikuwa wamekwisha kufa. Tusingoje tena namna ile.

Na sisi wenyewe? Kuanzia juma lijalo tutapita katika vituo vya kartie zetu, tutaandika bei ya kila dawa. Mwenye karatasi ya farmasi asiitupe, atuletee. Mgonjwa aliyezuiliwa lopitali juu ya deni, mutuambie. Hatuendi kupigana na wauguzi; wengi wao nao hawalipwi.

Anayenyamaza leo, kesho ni mtoto wake atakayetumwa farmasi na karatasi. Basi tusinyamaze.