Anayeishi Nasi Achangie, Atibiwe

Tangu Oktoba 2024 Kenya imo katika mfumo mpya wa bima ya afya chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara huchangia angalau shilingi 300 kwa mwezi. Bado tunabishana kuhusu nafasi ya mkimbizi na mhamiaji katika mfuko wa bima hiyo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, na kinakataza yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Kwa hiyo mgeni atatibiwa tu. Lililobaki kwetu ni kuchagua kati ya kumtibu mapema akiwa amechangia, na kumpokea akiwa mahututi, gharama ikiwa imeshapanda.

Mimi nasema aandikishwe mapema. Kifua kikuu kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6, na anayekosa dawa anaweza kumwambukiza anayelala naye chumba kimoja, awe raia au asiwe. Mwaka 2012 Hispania iliwaondolea huduma wahamiaji wasio na vibali. Watafiti walikuta vifo vyao vimeongezeka kwa takriban asilimia 15 katika miaka mitatu, na mwaka 2018 serikali ikawarudishia haki hiyo. Jirani zetu wa Rwanda, wenye pato dogo kuliko letu, walianza mwaka 2019 kuwaingiza wakimbizi wa mijini katika bima yao ya jamii, Mutuelle.

Wapo wanaouliza: mbona dawa hazitutoshi hata sisi wenyewe? Uchungu wao ni wa haki. Ila mfuko wa bima hupata nguvu kwa wingi wa wachangiaji, na kumfungia nje mtu mwenye nguvu za kufanya kazi hakuongezi hata kidonge kimoja kwenye zahanati. Wengine wanahofu kwamba watu watavuka mpaka kufuata matibabu. Lakini kambi ya wakimbizi ya Dadaab ilifunguliwa 1991 na ya Kakuma 1992, bima hii ikiwa haijafikiriwa. Waliofika huko walikimbia vita na njaa.

Basi nawaomba mlioshika madaraka: vitambulisho vya wakimbizi vitolewe bila kucheleweshwa, mchango ulipwe kidogo kidogo badala ya mwaka mzima kwa mkupuo, na asiyejiweza alipiwe. Afya ya anayeishi kati yetu ni sehemu ya afya yetu, na sheria zetu zitekelezwe hivyo.