Mawe ya Gilgali na Mtoto Anayeuliza

Somo: Yoshua 4:1-9, 20-24

 

Katika somo letu Waisraeli wamekwisha kuvuka mto Yordani. Kabla hawajapumzika, watu kumi na wawili, mmoja wa kila kabila, wanaagizwa watwae kila mtu jiwe moja kutoka katikati ya mto na kulichukua begani. Mawe hayo Yoshua akayasimamisha huko Gilgali. Kwa nini? Yoshua mwenyewe anaeleza: siku moja watoto watayaona na kuwauliza baba zao maana yake, ndipo baba atakapowasimulia jinsi Mungu alivyoukausha mto. Yaani kabla mtoto hajafungua kinywa, Mungu alikuwa amekwisha kumwekea kitu cha kumfanya aulize.

Leo nataka tuzungumze juu ya vitabu tunavyowachagulia watoto wetu, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 nilikuwa nikitumika katika parokia moja upande wa Kitui. Mtakumbuka kwamba nzige wa jangwani waliingia nchini mwetu mwishoni mwa 2019, na siku zile walikuwa wamefika hata kwetu. Tulipiga madebe mashambani kuwafukuza. Mwanangu, aliyekuwa na miaka minane, alipiga debe pamoja nasi, lakini jioni alirudi na maswali. Baba, nzige ana masikio? Baba, Yohana Mbatizaji aliwala pamoja na mabawa yao? Mimi nilikuwa nimechoka, na mahubiri ya Jumapili sijayaandika. Nikamwambia, "Maswali mengi ni utundu. Chukua kitabu chako usome." Kitabu chenyewe kilikuwa cha marudio ya mitihani: maswali hamsini, kisha hamsini mengine, na majibu nyuma.

Siku chache baadaye nilifungua kitabu changu kikubwa cha maelezo ya Biblia, nilichokinunua nikiwa chuo cha theolojia kwa fedha nilizoziweka kidogo kidogo. Nikakuta ukurasa mmoja umekatwa kwa wembe. Nilijua ni nani. Sikumwuliza neno. Nilimchapa, naye hakujitetea.

Juma lililofuata mama watoto alikuwa akianika magodoro. Chini ya godoro la mtoto akakuta kiberiti, na chini ya kiberiti ule ukurasa. Ulikuwa na picha ya nzige. Ndani ya kiberiti mlikuwa na nzige mkavu. Kwenye picha mtoto alikuwa ameandika kwa penseli namba kando ya kila mguu: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Chini yake ameandika: "Walawi 11, minne?"

Nilifungua Biblia. Katika Mambo ya Walawi 11, aya ya 20 hadi 22, wanatajwa wadudu wenye mabawa waendao kwa miguu minne, na nzige yumo. Mwanangu alikuwa amehesabu sita. Alitaka kujua ni nani aliyekosea, Biblia au nzige wake, na hakuthubutu kumwuliza baba yake ambaye ni mchungaji! Ndugu zangu, hilo liliniuma kuliko ukurasa uliokatwa. Nilipoisoma aya ile polepole, niliona kwamba inataja miguu ya kuendea, kisha inataja na miguu ya kurukia. Nilivyoelewa mimi, minne ni ya kutembea na miwili ya kuruka. Sura hiyo nilikuwa nimeisoma chuoni na mtihani nikafaulu, lakini sikuwahi kuhesabu.

Nilimwita mwanangu nikamwomba msamaha, tukahesabu pamoja. Kukata kitabu ni kosa, na hilo pia nilimwambia. Lakini kosa la kwanza lilikuwa langu, kwa maana nyumbani mwangu hamkuwa na kitabu hata kimoja kilichonunuliwa kwa ajili ya maswali yake.

Basi tumchagulie mtoto kitabu cha namna gani? Na turudi Gilgali, mawe yale yatufundishe mambo manne.

La kwanza, mawe yaliwekwa mahali ambapo mtoto hupita. Wako wazee wenye vitabu vizuri ndani ya kabati la kioo, na ufunguo uko mfukoni mwa baba. Kitabu cha mtoto hakina budi kukaa mahali mkono wake unapofika. Kitachafuka, pembe zitakunjika. Mimi siku hizi nikiona kitabu cha mtoto kikiwa safi kama siku kilipotoka dukani, nasikitika.

La pili, mawe yalimfanya mtoto aulize. Tangu 1985 hadi 2023 watoto wetu wa shule za msingi walifanya mtihani wa K.C.P.E., na wazazi tulinunua vitabu vya kuwatayarisha. Mtihani huo umekwisha, lakini desturi haijaisha: tukimnunulia mtoto kitabu cha maswali ya mtihani tunahesabu kwamba tumemnunulia kitabu. Mtoto anahitaji vitabu vya shule, lakini swali lililo ndani yake ni la mtahini. Mtafutie na kitabu ambacho swali litakuwa lake mwenyewe. Njia ya kukijua ni rahisi. Keti naye hapo dukani, msomee kurasa mbili, halafu ukifunge. Akisema, "Halafu?", hicho kinunue. Akitazama mlangoni, kirudishe. Bibi zetu waliijua hekima hii. Walitega kitendawili, wala hawakutoa jibu upesi. Ulipaswa kufikiri kwanza, na ukishindwa uwape mji.

Na huko Ulaya alikuwako askofu mmoja wa Ndugu wa Moravia, jina lake Comenius, aliyezaliwa mwaka 1592. Vita vilimfukuza katika nchi yake, na tauni ikamwulia mke na watoto. Mtu mwenye majonzi kama hayo angeweza kuacha kujishughulisha na watoto wa wengine. Lakini mwaka 1658 alitoa katika mji wa Nuremberg kitabu cha picha cha kuwafundisha watoto Kilatini. Herufi alizifundisha kwa sauti za wanyama, kama vile kunguru na kondoo. Kitabu chake huanza na Mungu na kuishia na hukumu ya mwisho, na katikati mna ndege, wadudu, mashamba, mwokaji mikate, na kazi nyingi za wanadamu. Katika picha alitia namba, na namba hizo hizo akazitia kwenye maneno, ili mtoto atazame na kuhesabu mwenyewe. Mwanangu hakumjua Comenius, lakini penseli yake ilikuwa imefanya kazi ile ile.

La tatu, mawe yalitoka katika mto wenyewe. Hayakuwa mawe ya kubuni. Kitabu kizuri cha mtoto husema kweli, na kweli ya Mungu inafurahisha kuliko uongo wetu. Kitabu tulichokipata baadaye kilimwambia mwanangu kwamba nzige ana masikio, nayo yako ubavuni mwa tumbo! Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akauliza kama nzige akishiba sana husikia vibaya. Basi unapochagua, itazame picha: je, mnyama huyu ndivyo alivyo? Tazama na lugha: je, mtoto wangu ataielewa, iwe Kiswahili, Kiingereza au lugha ya nyumbani? Na kama kitabu kinasimulia mambo ya theluji tu, mtafutie na kingine kinachomweleza mbuyu na kobe anaowaona kila siku. Mfalme Sulemani, tunasoma katika 1 Wafalme 4:33, alinena habari za miti, za wanyama, za ndege na za samaki. Hekima yake ilitoka kwa Mungu, wala hakuogopa kutazama mambo yaliyo mbele ya macho.

La nne, baba alikuwapo. Mawe hayasemi. Mtoto aliuliza, na palikuwa na mtu wa kumjibu. Hata kitabu cha bei kubwa hakitachukua nafasi yako jioni. Pengine wewe unayenisikiliza hukusoma. Mwambie mtoto akusomee, nawe umwulize yale usiyoyajua. Atajiona mwalimu, na atakisoma tena kesho. Na ukiwa hujui jibu, sema, "Mwanangu, sijui, tutafute." Maneno hayo mimi mchungaji nilichelewa kuyajifunza.

Wengine mtasema, vitabu ni ghali. Ni kweli. Lakini vilivyotumika huuzwa kando ya barabara kwa bei nafuu, na maktaba za umma ziko. Huko Garissa, tangu mwaka 1996, huduma ya maktaba ilianza kubeba vitabu juu ya ngamia ili viwafikie watoto wa wafugaji. Ikiwa ngamia wameweza, je, kanisa letu litashindwa kuwa na sanduku moja la vitabu vya watoto? Kila jamaa ilete kitabu kimoja, na mzee mmoja wa kanisa aandike kwenye daftari nani amechukua na nani amerudisha. Hilo halihitaji harambee kubwa.

Wakristo wa kwanza wa Ugikuyuni waliitwa athomi, maana yake wasomaji. Jirani alipomwona mtu na kitabu alijua kwamba huyu ni mtu wa Yesu. Je, jirani akiingia kwetu leo, ataona nini mikononi mwa watoto wetu?

Na Bwana wetu mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi na miwili, alionekana hekaluni kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Waalimu wale hawakumfukuza. Mtoto wako akikuvuta kanzu jioni hii na kuuliza neno, kumbuka kwamba Mwana wa Mungu naye aliwahi kuwa mtoto anayeuliza.

Na tuombe.

Ee Baba yetu, wewe uliyewawekea watoto wa Israeli mawe ili waulize, utusamehe sisi tuliowanyamazisha watoto wako. Utupe subira ya kuwasikiliza, hekima ya kuwachagulia vitabu vya kweli, na unyenyekevu wa kujifunza pamoja nao. Wabariki wale wasio na kitabu hata kimoja, na ulifungue kanisa lako mkono. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.